Usirudishe Ngumi, Wala Usinyamaze



Januari 2018, uwanja wa Kaitaba, Bukoba, Simba iliifunga Kagera Sugar 2-0. Mechi ikaisha, kumbe bado: Juma Nyosso, beki wa Kagera, akaishia mikononi mwa polisi akidaiwa kumpiga shabiki wa Simba.

Huku kwetu Lushoto, kuanzia Soni hadi Mlalo, viwanja vingi vya vijijini havina uzio. Anayekutukana yuko hatua mbili tu, na pengine Jumapili mlikaa benchi moja kanisani.

Wengi husema, "Avumilie tu, ndio mpira." Mimi sikubali. Soma Yohana 18:22-23. Yesu anapigwa kofi mbele ya Anasi. Harudishi, lakini pia hanyamazi: anamuuliza aliyempiga kosa lake ni lipi. Anadai haki bila ngumi. Kugeuza shavu si kusema ubaya ni sawa.

Basi mchezaji, mwite refa. Sheria inamruhusu kusimamisha mechi. Viongozi, msiadhibu ngumi mkaliacha tusi lililoizaa. Mtukanaji atolewe, hata kama ni mjomba wa mwenyekiti. Nawe shabiki, kiingilio hakinunui utu wa mtu. Aliyevaa jezi ya wapinzani naye ni mfano wa Mungu (Mwa 1:27).

Mechi ijayo ya VIWAWA, jirani yako akianza kumtukania mchezaji mama yake, mwambie, "Ndugu, acha." Hiyo nayo ni sala.

Frateri wenu.