Mpishi Aliyeacha Kupika

Ngamiani, Tanga, palikuwa na mwanamke aliyepikia shughuli za watu kwa zaidi ya miaka ishirini. Pilau ya wageni mia tatu aliisimamia peke yake, vijana wa kukoroga wakingoja aseme. Hakutumia mizani wala kikombe cha kupimia. Alijua kwa harufu kwamba vitunguu vimefikia kupokea thomu na tangawizi, na kwa kugusa tu mwiko alijua mchele umekunywa supu yake. Jina lake nalihifadhi. Kisa chake nakieleza kwa sababu yaliyompata yanawapata wengi, na wengi wao hawana hata robo ya ujuzi aliokuwa nao yeye.

Mwili ulikuwa umemzidi. Magoti yalimuuma akipanda ngazi, na kwa miaka kadhaa alikuwa akihudhuria kliniki ya kisukari. Siku moja daktari akamwambia kwamba vidonge peke yake havitamtosha, apunguze uzito. Ushauri huo ulikuwa sahihi kabisa. Mtu wa kilo 100 hahitaji kuwa mwembamba ndipo apate nafuu. Akipunguza kilo 5 tu, na zisirudi, sukari na presha huanza kushuka. Lakini foleni ilikuwa ndefu, daktari hakueleza zaidi na mgonjwa hakuuliza. Alitoka na neno moja, "punguza", akaenda kulitafutia maana mtaani.

Mtaani maana zilikuwa tele. Shoga yake mmoja alimpa mpango wa kabichi: kabichi ya kuchemsha asubuhi, mchana na jioni, pasipo chumvi wala mafuta, na maji ya moto yenye ndimu kila njaa inapouma. Mwingine akamletea chai ya kupunguza tumbo, imefungwa kwenye pakiti nzuri, na ndani yake mlikuwa na sanamaki. Wote wawili walimtakia heri. Naye akaamua kwamba adui yake ni utamu wa chakula. Bizari, iliki, ukwaju na pilipili manga akavifungia kabatini. Kinu na mchi vikaingia uvunguni. Watoto wakaanza kununua chipsi barabarani, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote katika kisa hiki: nyumba nzima iliacha kula chakula cha nyumbani kwa sababu mama alitaka afya.

Wiki ya kwanza mizani ilishuka kilo nne. Majirani wakamsifu, na sifa zikampa nguvu ya kuendelea. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na gramu tatu hivi za maji. Ukijinyima ghafla, akiba hiyo ndiyo hutumika kwanza, na maji yake hutoka pamoja nayo. Mizani inashuka haraka, huku mafuta ya tumboni yapo karibu yote. Sanamaki nayo hufanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati nguvu ya chakula imekwisha kufyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Inachokitoa ni maji na madini, ikiwemo potasiamu ambayo moyo unaihitaji ili upige sawasawa. Anayeharisha kila asubuhi haondoi mafuta mwilini. Anajikausha.

Tena kabichi ni mboga nzuri, lakini gramu 100 zake zina kalori 25 tu. Aliyekula kilo nzima kutwa amepata kalori 250, na mwanamke mtu mzima anahitaji karibu 2,000. Mwili ukipungukiwa kwa kiasi hicho huanza kula hata misuli yake wenyewe, ile ile inayobeba magoti yanayouma.

Kisha kulikuwa na vidonge. Kati ya wote waliompa ushauri, hakuna aliyemuuliza anatumia dawa gani. Alikuwa anatumia glibenklamidi, dawa ya miaka mingi na ya bei nafuu, inayoisukuma kongosho itoe insulini. Huisukuma hata kama tumboni hamna kitu. Daktari alikuwa amempangia kipimo cha mtu anayekula ugali na wali, naye alikuwa anameza kipimo kile kile juu ya kabichi na maji ya ndimu.

Katika wiki ya tatu, kabla ya adhana ya alfajiri, binti yake alimsikia akisema maneno yasiyoshikamana. Alimkuta amelowa jasho, mikono inatetemeka, hamtambui sawasawa. Jirani aliyeitwa akasema aletwe mwalimu amsomee. Binti yule alikuwa amemsindikiza mama yake kliniki mara kadhaa, na alikumbuka alichokisikia akiwa amekaa kwenye benchi. Akakoroga vijiko vinne vidogo vya sukari kwenye maji, na kwa kuwa mama bado aliweza kumeza, akamnywesha taratibu. Angekuwa amezimia, kumimina chochote kinywani kungemkaba. Mtu wa namna hiyo hukimbizwa hospitali vile alivyo. Hospitali walipima wakakuta sukari 2.6, hata baada ya yale maji, wakati chini ya 4 tayari ni hatari kwa anayetumia dawa. Wakamlaza, kwa sababu dawa ya aina ile huweza kuendelea kushusha sukari kwa saa nyingi baada ya mgonjwa kuzinduka.

Alirudi nyumbani akiwa na hofu na njaa kwa pamoja. Kwenye arusi zilizofuata alikaa kando ya sufuria usiku akila ukoko na nyama zenye mafuta, akijilipa kila alichojinyima. Baada ya miezi michache kilo zote zilikuwa zimerudi, na nyingine juu yake. Alijiita dhaifu. Mimi namkatalia. Hakuna binadamu anayeweza kuishi miaka kwa chakula anachokichukia, na mpango wa kula ambao hutaweza kuufuata mwakani hauna faida kuuanza leo.

Aliyemgeuza alikuwa nesi wa kliniki, binti mdogo kwake kwa umri.

"Mama, nimesikia wewe ni mpishi wa shughuli."

"Ndiye mimi, mwanangu."

"Basi nieleze unavyounga mchuzi nyumbani kwako."

Akaeleza: mafuta hadi yaenee chini ya sufuria, vitunguu hadi viwe vyekundu, nyanya, kisha tui zito. Nesi hakumkosoa. Alimwomba jambo moja tu: akifika nyumbani, amimine mafuta kama kawaida yake, lakini ndani ya kikombe cha kupimia. Alipomimina, yakafika robo lita. Robo lita ya mafuta ya kupikia ina kalori zinazokaribia 2,000, yaani chakula cha mtu mzima cha siku nzima, kimejificha kwenye mchuzi wa watu watano kabla hata ugali haujapakuliwa. Kijiko kimoja cha mezani ni kalori 120 hivi. Mkono uliozoea sufuria za arusi ulikuwa umeendelea kumimina kwa kipimo cha arusi nyumbani.

Alilia, kisha akavuta kinu kutoka uvunguni.

Alianza na vitunguu. Alivikatakata vyembamba, akaviweka kwenye sufuria kavu na chumvi kidogo, moto mdogo, akafunika. Chumvi huvuta maji ya kitunguu, nacho hujipika chenyewe. Kikianza kushika chini, kijiko cha maji kinatosha kukibandua, na ule wekundu ulioshika sufuria huyeyuka na kuingia kwenye mchuzi. Nyanya zikafuata, zikaachwa zikauke hadi ziwe nzito. Mafuta yaliingia mwisho: kijiko kimoja kwenye kikaango kidogo, kikapata moto, akatupia thomu iliyopondwa na bizari nyembamba nzima, zikalia kidogo, akavimimina juu ya mchuzi. Harufu za viungo vingi huyeyuka zaidi kwenye mafuta kuliko kwenye maji, kwa hiyo kijiko kimoja kilichobeba viungo hunukisha sufuria nzima. Hapo ndipo mpango wa kabichi ulipokosea hata kwa upande wa afya: mchicha na matembele yasiyo na mafuta kabisa huunyima mwili sehemu kubwa ya vitamini A iliyomo, kwa kuwa hufyonzwa pamoja na mafuta. Mafuta kidogo ni sehemu ya mboga.

Kisha ukaja uchachu. Watu wa pwani tuna bahati hii na tunaipuuza. Ukwaju, ndimu na embe bichi huamsha ulimi kiasi kwamba chumvi inayohitajika hupungua, na kwa mwenye presha hilo si dogo. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja kidogo, ikihesabiwa pamoja na iliyomo kwenye mkate na kila kitu kingine. Samaki wa chukuchuku, ambaye wengi humwona chakula cha wagonjwa, mikononi mwake akawa chakula cha kugombaniwa: changu mbichi, nyanya zilizosagwa, tangawizi nyingi, ukwaju, pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa, na kotimiri mwishoni. Hakuna tone la mafuta humo wala hakuna anayeliulizia. Siku nyingine kibua alipakwa thomu, ndimu na pilipili manga, akabanikwa juu ya mkaa hadi ngozi ianze kukauka. Moto mkavu una ladha yake ambayo maji hayawezi kuitoa.

Dagaa aliwatoa vichwa, akawaosha hadi mchanga uishe, akawakaanga bila mafuta kwenye chungu cha moto, akawatwanga. Kijiko cha unga huo kwenye mlenda au bamia hufanya kazi ambayo zamani aliiachia nyama ya mafuta.

Nazi hakuiacha, na sioni kwa nini mtu wa Tanga aambiwe aiache. Alipokuna nazi, tui la kwanza, zito, alilitenga. La pili, jepesi, ndilo lililopikia kunde na mchicha wa watu wote. Lile zito lilibaki kwa siku za sikukuu, au kijiko kimoja juu ya sahani ya mtoto anayekua. Sahani yake mwenyewe aliipanga upya: nusu mboga, robo samaki au kunde au maharage, robo ugali wa dona, ambao una pumba na kiini vilivyoondolewa kwenye sembe na kwa hiyo hushibisha zaidi. Chai aliipunguzia sukari kidogo kidogo huku akiongeza tangawizi, iliki na mdalasini, hadi siku moja akagundua kwamba amesahau kuitia.

Nataka nisisitize suala la sufuria moja. Katika nyumba zetu, mwanamke anayejipikia chakula chake cha pembeni huonekana mgonjwa au mwenye maringo, na yeye mwenyewe hujiona ametengwa. Baada ya wiki chache huchoka kupika mara mbili. Chakula kikiwa kitamu, hakuna haja ya sufuria ya pili. Mume wake alikula chukuchuku ile akaomba aongezewe. Watoto walirudi mezani na fedha za chipsi zikanunua matunda. Kabla ya kwenda kwenye shughuli, alikula nyumbani kwanza, akashiba, ndipo akashika mwiko. Kuonja akaonja kwa kijiko kidogo, kama mpishi yeyote anavyopaswa.

Kilo zilishuka polepole safari hii, mwezi mwingine hazikushuka kabisa. Kabla ya kubadili chochote alikuwa amemwonyesha daktari kila alichokusudia kula, naye daktari akapunguza kipimo cha vidonge kadiri sukari ilivyotulia. Mwenye kisukari asianze mpango wowote wa kula bila hatua hiyo, hata mpango mzuri kama huu, kwa sababu chakula kikipungua na dawa ibaki vile vile, yale ya alfajiri ile yanaweza kujirudia.

Mwezi wa Rajabu alirudi kliniki na maswali yameandikwa kwenye karatasi. Ramadhani ilikuwa imebakiza miezi miwili. Aliuliza kama kwa hali yake anaweza kufunga, vidonge vya asubuhi vitahamia saa ngapi, na sukari ikifika ngapi afungue bila kungoja magharibi. Daktari alimbadilishia dawa, akampa ile isiyo na tabia ya kushusha sukari kupita kiasi, akamwambia afungue mara moja ikishuka chini ya 4, na asiiache daku. Kisha wakazungumza futari, na hapo mgonjwa ndiye aliyemfundisha daktari: tende moja na maji, uji wa ulezi usio na sukari wenye ndimu na pilipili manga, kipande cha muhogo kwa tui la pili, kibua wa kubanika, na kachumbari ya kutosha bakuli zima.