Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Fikira Juu ya Mlango Wakati wa Maradhi

Wahenga walituachia methali isemayo, mgeni njoo mwenyeji apone. Katika pwani na visiwa vyetu methali hii si pambo la mazungumzo tu, bali ni msingi wa ukarimu. Yatufunza kwamba ajaye kutoka mbali huja na heri yake: habari, bidhaa, elimu, udugu, na hata kile kitoweo ambacho mwenyeji asingekipika lau hangekuwa na mtu wa kumkirimu. Lakini ndani ya neno "apone" mna mtihani. Mgeni akija na maradhi, mwenyeji atapona vipi? Na mwenyeji akifunga mlango ili apone, je, atasalia kuwa mwenyeji?

Swali hili si geni kwetu. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kiliua maelfu ya watu Unguja. Baadaye, katika kisiwa cha Changuu, mkabala na Mji Mkongwe, jengo lililokusudiwa kuwa jela liligeuzwa kuwa karantini ya wasafiri wa majini. Wazee wetu, basi, walijua kwamba ukarimu una mipaka yake. Lakini ulimwengu haukupata kulijibu swali hili kwa pamoja, nchi zote kwa wakati mmoja, kama ulivyolazimika kufanya baada ya tarehe 11 Machi 2020, siku Shirika la Afya Duniani lilipoyatangaza maradhi ya Korona kuwa janga la dunia nzima. Kila taifa likawa ni nyumba, na kila serikali ikawa bawabu. Sasa ambapo vumbi limetua, yafaa tuzilinganishe nyumba hizo, si kwa nia ya kutafuta mshindi, bali kwa nia ya kujua ni lipi hasa lililo haki katika kufunga na kufungua.

Na tuanze na visiwa vya wengine. Mwezi Novemba 1918 meli iitwayo Talune ilitoka Auckland, New Zealand, ikatia nanga Apia, katika Samoa ya Magharibi, iliyokuwa ikitawaliwa na New Zealand. Ndani yake mlikuwa na wagonjwa wa homa kali ya mafua iliyokuwa ikiuzunguka ulimwengu, na hata hivyo abiria waliruhusiwa kushuka. Katika muda wa majuma machache walikufa watu wapatao 8,500, yaani zaidi ya mtu mmoja katika kila watano. Jirani yao wa karibu, Samoa ya Kimarekani, alikuwa na gavana aitwaye John Poyer, ambaye alifunga bandari na kuweka ulinzi ufukweni kwa msaada wa wenyeji. Huko hakufa mtu hata mmoja kwa maradhi hayo.

Wengi hukisoma kisa hiki wakatoka na fundisho moja tu, kwamba afungaye hupona. Lakini kina jambo la ndani zaidi. Watu wa Apia hawakuulizwa kama mlango wao ufunguliwe au ufungwe. Walioyajua maradhi hawakuwaambia, na mtawala wao, Kanali Robert Logan, aliukataa msaada wa matibabu aliokuwa tayari jirani yake kuutoa. Kosa lililowaua lilikuwa ni ukimya na kiburi, zaidi ya ule mlango wenyewe. Ndiyo maana mwaka 2002 Waziri Mkuu wa New Zealand, Helen Clark, alikwenda Samoa kuomba radhi. Haombi radhi mtu kwa sababu ya upepo. Huomba kwa sababu ya dhamana aliyoivunja.

Tuiangalie sasa New Zealand hiyo hiyo baada ya karne moja. Tarehe 19 Machi 2020 iliwafungia mipaka wageni, na siku chache baadaye ikawafungia watu wake majumbani. Tarehe 8 Juni ikatangaza kwamba hapana mgonjwa hata mmoja nchini. Ulimwengu ulistaajabu, na ulikuwa na haki ya kustaajabu, kwa kuwa roho nyingi ziliokoka. Lakini kila mlango una pande mbili. Raia wa nchi hiyo waliokuwa ng'ambo walilazimika kugombea nafasi chache za karantini, na baadaye kwa utaratibu uliofanana na bahati nasibu. Watu walikosa kuwazika wazazi wao. Mwezi Aprili 2022 Mahakama Kuu ya huko iliamua kwamba utaratibu ule uliwavunjia baadhi ya raia haki yao ya kurejea kwao. Mwenyeji alipona, ila alipona kwa kuwaacha nje baadhi ya wanawe mwenyewe.

Sweden ilikwenda njia nyengine. Haikuwafungia watu ndani. Skuli za watoto wadogo ziliendelea, na raia waliombwa zaidi kuliko kuamrishwa. Mwaka 2020 vifo vyake vilizidi mno vya majirani zake Norway na Finland, na wengi wa waliokufa walikuwa vikongwe waliokuwa wakitunzwa katika nyumba za wazee. Mwezi Disemba mwaka huo tume iliyoundwa na serikali ilisema wazi kwamba nchi imeshindwa kuwalinda wazee wake, na mfalme akakiri hadharani maneno ya namna hiyo hiyo. Lakini hesabu za miaka mitatu, 2020 hadi 2022, ziliiweka Sweden miongoni mwa nchi za Ulaya zilizokuwa na vifo vichache vilivyozidi kawaida. Basi nchi mbili, moja iliyofunga barabara na moja iliyoacha wazi, zote zilifika ng'ambo bila ya kuzama. Twaelezaje?

Maelezo yake, kwa maoni yangu, hayamo katika mlango, bali yamo ndani ya nyumba. Nchi zote mbili zilikuwa na maji katika kila mfereji, mishahara iliyolipwa hata kwa aliyekaa nyumbani, hospitali zilizofikika, na watu waliozoea kuiamini serikali yao inaposema. Aliye na ghala huweza kufunga mlango mwezi mzima. Aliye na imani kwa jirani yake huweza kuuacha wazi. Asiye na hiki wala kile, akifunga hufa kwa njaa, na akifungua hufa kwa homa.

Hapo ndipo lilipo kosa la wale walioiga mlango wa tajiri bila ya kuwa na ghala lake. Tarehe 24 Machi 2020 serikali ya India iliwapa watu wake muda wa saa nne tu kabla ya kuifunga nchi nzima. Vibarua kwa mamilioni, ambao kazi yao na malazi yao ni kitu kimoja, walijikuta hawana hiki wala kile, wakashika njia kwa miguu kurejea vijijini, na wengine walifia njiani. Kwa jirani zetu wa Kenya, tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya amri ya kutotoka nje usiku, polisi waliwapiga na kuwarushia moshi wa kutoa machozi watu waliokuwa wakingoja kivuko Likoni ili wawahi majumbani mwao, hata wakasongamana zaidi kuliko walivyokuwa. Siku chache baadaye risasi ya polisi ilimwua mtoto wa miaka 13 Nairobi, akiwa katika roshani ya nyumba yao, yaani pale pale alipotakiwa kuwa. Sheria iliyowekwa ili kuhifadhi roho iligeuka kuwa sababu ya kuitoa. Na skuli za nchi hiyo, zilizofungwa kati ya mwezi Machi, hazikufunguliwa kwa watoto wote hadi Januari 2021.

China nayo yatufunza juu ya kufungua. Iliufunga mji wa Wuhan tarehe 23 Januari 2020, na kwa muda mrefu ikajivunia uchache wa vifo vyake. Lakini ilishika ufunguo hata ukawa sehemu ya mkono. Mwaka 2022 wakaazi wa Shanghai walifungiwa kwa muda wa miezi miwili hivi. Mwezi Novemba moto uliua watu kumi katika jengo moja la mji wa Urumqi, na vijana wakatoka barabarani wakiwa wameshika karatasi nyeupe zisizo na maandishi, kwa sababu walilotaka kusema lilijulikana na wote. Mwezi uliofuata mlango ulifunguliwa kwa ghafla, katikati ya baridi, ilhali wazee wengi walikuwa bado hawajakamilisha chanjo. Kufungua, kama kufunga, kwataka matayarisho. Na aliyeukawiza ufunguo kwa kiburi huja akauzungusha kwa pupa.

Sasa turudi kwetu, maana haitakuwa insafu kuzipima nyumba za watu tukaificha yetu. Tanzania haikuwafungia watu ndani. Hoja iliyotolewa na uongozi wa wakati ule ni kwamba mtu alaye kwa jasho la siku ile ile hawezi kuambiwa akae nyumbani, na hoja hiyo, mbele ya yaliyotokea India, yastahiki heshima. Skuli na vyuo vilivyofungwa mwezi Machi 2020 vilifunguliwa mwezi Juni, na viwanja vya ndege vikapokea watalii tena. Kwa Unguja, ambako utalii ndio mhimili wa uchumi, mgeni aliitwa kweli ili mwenyeji apone, walau tumbo lake.

Lakini kuacha mlango wazi ni jambo moja, na kuacha kuhesabu wagonjwa ni jambo jengine. Baada ya mwanzo wa mwezi Mei 2020 hesabu za taifa zilikoma kutangazwa, zikiwa zimefikia wagonjwa 509 na vifo 21. Mwezi Juni ikatangazwa kwamba maradhi yamekwisha. Mwenye duka, mvuvi, mwalimu wa chuo na mama wa nyumbani waliachwa wapime hatari kwa kukisia, kwa kuhesabu mazishi ya mtaani. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mwishoni mwa Januari 2021 chama cha Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, kilisema wazi kwamba kiongozi wao ameshikwa na Korona. Tarehe 17 Februari alifariki dunia. Ile kauli ya wazi, katika nyakati zile za kunong'ona, ilikuwa ni amali njema kwa umma, kwani watu wengi walijifunza kutokana nayo kuwa maradhi yapo. Na ilipofika tarehe 28 Julai 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipochanjwa mbele ya watu, taifa lilirudi katika desturi ya kusemeshana.

Hivyo basi tofauti ya kimaadili haikuwa baina ya waliofunga na walioacha wazi. Ilikuwa ni baina ya waliowaambia watu wao kweli na waliowanyima. Mtu mzima aliyeelezwa hatari kisha akatoka kutafuta riziki amechagua, hata kama uchaguzi wake ni mchungu. Aliyefichwa, akatoka, hakuchagua, amechaguliwa.

Yuko atakayeuliza: je, msema kweli hulipwa? Ulimwengu haukumlipa. Tarehe 24 Novemba 2021 wataalamu wa Afrika Kusini waliwaarifu walimwengu juu ya sura mpya ya kirusi, ile iliyokuja kuitwa Omicron. Kabla ya siku mbili kwisha, Uingereza na nchi nyengine zilianza kuzuia ndege kutoka Afrika Kusini na majirani zake. Aliyepiga kelele za moto ndiye aliyefungiwa nje. Na nchi hizo hizo za kitajiri ndizo zilizokuwa zimejilimbikizia chanjo tangu mwanzo, hata ikawa mtalii anaweza kufika kisiwani akiwa amechanjwa, na kijana amchukuliaye mizigo hajapata hata habari ya lini zamu yake itafika. Huyu ni mgeni aliyekuja na dawa yake mfukoni, akapona peke yake. Mwezi Mei 2025 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha mkataba wa kukabili majanga ya namna hii; lakini suala gumu kuliko yote, la nchi kutoa habari za vimelea na kupata fungu lake la chanjo na dawa, liliachwa lijadiliwe kando katika kiambatisho.

Katika mapokeo yetu mna kanuni kongwe kuliko mikataba yote hii, ambayo Khalifa Umar aliifuata alipogeuza msafara wake njiani kwenda Sham kwa sababu ya tauni: aliye nje ya mji wenye maradhi asiingie, na aliye ndani asitoke. Kanuni hiyo hutajwa kama amri ya karantini tu, lakini uzuri wake umo katika mizani. Yamtwisha mzigo wa nje na wa ndani kwa pamoja. Aliye ndani hubaki kwa ajili ya usalama wa wengine. Basi hao wengine wana deni kwake: chakula, dawa, na heshima. Kufunga bila ya kulilipa deni hilo ni kumtupa mtu, wala si kujikinga.

Janga jengine litakuja. Bahari haijapata kukauka, na ndege hazitaacha kuruka. Litakapokuja, bawabu wetu atatuuliza kama afunge au afungue. Na tumjibu kwa kumuuliza sisi kwanza. Umetuambia yote uyajuayo? Nani atalipa gharama ya komeo hili, na nani atakula wakati limefungwa? Nani wetu yuko nje, na amewekewa nini? Asipokuwa na majibu, hatuna sababu ya kumwamini akifunga, wala hatuna sababu ya kumwamini akifungua. Methali yetu haikusema mgeni njoo, mwenye hoteli apone, wala mwenye mamlaka apone. Imesema mwenyeji, na katika nyumba ya Mswahili mwenyeji ni kila aliyelala ndani usiku ule, pamoja na bibi kizee wa chumba cha uani.