Vita Ambavyo Mungu Hakuvileta

Nafundisha Kiswahili katika shule ya kutwa hapa Nyalenda, Kisumu. Tulipokuwa tukisoma habari za Utenzi wa Tambuka, yaani Tabuki, au Chuo cha Herekali, aliotunga Mwengo wa Athumani kule Pate mwaka 1728, msichana wa kidato cha tatu aliinua mkono.

"Mwalimu, ustadhi alitufunza kwamba Tabuki hapakupiganwa. Sasa Mwengo alidanganya?"

Kweli, hapakupiganwa. Mwaka 630 Mtume Muhammad alitoka Madina na jeshi kubwa katika jua kali, akafika Tabuki, hakumkuta Mrumi, akarudi. Herekali, kaisari wa Konstantinopoli, hakufika. Ni utenzi unaomfikisha, kwa beti zaidi ya elfu moja za panga na damu, ili kifo cha Jaafari kilipwe. Huyo ni binamu yake Mtume, aliyeuawa na jeshi la Warumi pale Muta mwaka 629.

"Mwanangu, nipe muda," nikamjibu.

Swali lake lilinirudisha nyumbani. Kwetu Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, ndugu yangu mdogo alitumwa unga dukani, akapigwa risasi njiani. Hakuna aliyeshtakiwa. Tangu hapo mama ana hadithi yake: aliyefyatua anabisha hodi, anavua kofia, anapiga magoti hapa hapa sakafuni, anamtaja marehemu kwa jina. Huisimulia jioni akichambua omena, mchanga na vijiwe akivitenga ukingoni mwa ungo kwa kidole gumba. Sijawahi kumkatiza.

Mcha Mungu anaweza kusema huko ni kukosa subira: vita alivyoviepusha Mola, mshairi ni nani aviwashe kwa kalamu? Hoja hiyo inanichoma. Tabuki watu walirudi wazima kwa wake zao, na utenzi unaifuta rehema hiyo. Na Herekali wa kweli, aliyetawala tangu 610 hadi 641, anabaki adui tu, mtu asiye na mama.

Hata hivyo siwezi kumwita Mwengo mwongo. Anachodai ni haki ya Jaafari, na anaidai kwa Mungu yule yule aliyenyamaza Muta. Zaburi zimejaa madai kama hayo. Hapa Pandpieri tunaziimba misani, na sijaona padri akizikataza. Imani isiyoruhusu kilio hicho ingemtaka mama yangu anyamaze, nami nisingeifuata.

Jana nilimweleza mama swali la yule msichana. Alipepeta ungo, akaanza tena. Safari hii mtu yule alipopiga magoti alikuwa na pakiti ya unga mkononi, haijafunguliwa.