Moyo wa Mwenzio

Mtu ajifunzaye Kijapani hukutana mapema na vitenzi ambamo mwili na moyo vimefumwa pamoja. Kitenzi unadareru maana yake ni kuinamisha kichwa, lakini si kama mtu atafutaye sindano iliyoanguka. Ni kichwa kilicholemewa na huzuni, aibu au kukata tamaa. Kuangusha mabega ni kuvunjika moyo. Hasira nayo ina msemo wake: tumbo limesimama. Sisi tusemao Kiswahili hatuna haja ya kushangaa, maana mtu aliyeshika tama hatumwulizi kama shavu lamwuma.

Ugumu waja mbele kidogo. Neno kanashii lataja hali ya huzuni, na Mjapani hulitumia kwa nafsi yake bila shida. Lakini akitaka kueleza hali ya jirani yake, kwa kawaida hawezi kuliacha hivyo hivyo. Husema kanashisō, yaani aonekana mwenye huzuni. Au hutumia kitenzi kanashigaru, yaani aonyesha huzuni kwa maneno na matendo. Mtunzi wa hadithi ameruhusiwa kuingia mioyoni mwa watu wake, kwa kuwa ndiye aliyewaumba. Sisi wengine twabaki mlangoni.

Je, hiyo ni desturi ya sarufi tu, ama kuna ukweli ndani yake? Mimi naona kuna ukweli. Mfikirie mtoto aitwaye mbele ya walimu, naye ainamisha macho. Mwalimu mmoja asema, "Ana hatia." Wa pili asema, "Ana kiburi, hataki kututazama." Kumbe nyumbani kwao amefundishwa kwamba kumkazia mkubwa macho ni utovu wa adabu. Wote wawili waliona macho yaliyoinama, basi. Hatia na kiburi waliviongeza wenyewe, na atakayeadhibiwa ni mtoto.

Hata hivyo, iko hatari ya upande wa pili. Mtu mvivu wa huruma aweza kujifunika kwa tahadhari hiyo hiyo, akasema, "Niliona mabega yameanguka tu, ya moyoni sikuyajua," kisha akapita zake. Huyo amekosa zaidi kuliko yule aliyekisia vibaya lakini akasimama. Kutoujua moyo wa mwenzio hakukupi ruhusa ya kuondoka. Kwakupa sababu ya kuuliza. Na katika Kijapani chenyewe, neno lile lile kanashii, ambalo halifai kumtangazia mwenzio hali yake, sarufi yalikubali pasipo nyongeza yoyote katika swali aulizwalo mwenyewe.