TAIFA LISILO NA BENDERA

Masomo: 1 Samweli 8:1-22, Waefeso 2:11-22



Nawasalimu nyote, familia mlizotoka Palma, Mocímboa da Praia, Nangade, Muidumbe na kwingineko, ambazo Mungu amezihifadhi katika makazi haya. Somo la mwezi huu sikulipata mezani. Nililipata kwenye foleni ya maji.

Kijana mmoja niliyembatiza mwenyewe aliniambia, "Mchungaji, hawa Wamwani ndio waliotuponza. Kama sisi Wamakonde tungekuwa na nchi yetu wenyewe, kuanzia Ruvuma hadi Messalo, leo tusingelala chini ya turubai." Wazee waliokuwepo wakaitikia. Nami nikacheka, nikakubali kwa kichwa. Nyuma yetu alikuwa amesimama mama mmoja Mmwani na ndoo yake. Alisikia kila neno. Akaiinua ndoo ikiwa tupu, akaondoka.

Wapendwa, ndoo ile tupu imeninyima usingizi. Ndiyo maana naandika.

1. Kuwapenda watu wako si dhambi

Wahenga walisema, mkataa kwao mtumwa. Mungu hakumwita mtu aikane lugha ya mama yake. Na kiu ya kujitawala ina sababu zake. Mwaka 1886 Wajerumani na Wareno walikubaliana Ruvuma uwe mpaka wao. Hakuna Mmakonde aliyeulizwa. Mto uliokuwa njia ya kwenda kwa shangazi ukawa mpaka wa wageni wawili. Hapa pwani, Kionga ilichukuliwa na Wajerumani mwaka 1894, Wareno wakaitwaa mwaka 1916, na mwaka 1919 mataifa makubwa ya Ulaya yakaithibitisha kuwa ya Ureno. Mvuvi wa Kionga alibadilishiwa bendera bila kuhama nyumbani kwake.

Wazee wetu wengi walivuka kwenda kukata mkonge Tanganyika na Kenya. Huko waliona watu wakiunda vyama, nao wakaunda chao, MANU. Tarehe 16 Juni 1960, Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane, waliotoka Tanganyika, walikuwa Mueda kuzungumza na wakubwa wa Kireno. Walikamatwa. Watu walipopinga, askari wakafyatua risasi, na damu ikamwagika uwanjani.

Waisraeli nao walipotaka mfalme, walikuwa na sababu. Someni 1 Samweli 8:3. Wana wa Samweli walipokea rushwa na kupotosha hukumu. Mtu aliyeonewa akitamani kujitawala, tusimwite mwasi upesi.

2. Lakini hesabu gharama

Mungu alimwagiza Samweli awaeleze watu mfalme wao atakuwaje. Samweli akawahesabia: atawachukua wana wao wakaendeshe magari yake ya vita, atawachukua binti zao wakapike, mashamba mazuri atawapa watumishi wake. Ajabu ni kwamba mfalme huyu si mgeni. Ni mtu wa kwao, anasema lugha yao! Kumbe kutawaliwa na ndugu yako peke yake hakukupi haki.

Sisi tunao mfano wetu. Lázaro Nkavandame aliongoza ushirika wa wakulima wa pamba, kisha akawa kiongozi wa FRELIMO katika Cabo Delgado. Mnakumbuka kwamba FRELIMO ilizaliwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, MANU ilipoungana na vyama vingine viwili. Nkavandame alifika mahali akataka Cabo Delgado ipate uhuru wake peke yake. Wenzake walimlaumu kwamba biashara iliyokusudiwa kuwasaidia wananchi ilikuwa inawatajirisha wachache. Mwanzoni mwa mwaka 1969 alivuliwa uongozi, na mwaka huohuo akajisalimisha kwa Wareno, walewale wa risasi za Mueda. Baada ya uhuru wa 1975 aliuawa bila hukumu ya mahakama halali.

Hapo kila upande una la kutubu. Aliyetaka nchi ya watu wake aliishia mikononi mwa mkoloni. Waliohubiri taifa moja walimwaga damu gizani. Jina la kabila halikumwokoa yule, wala jina la taifa halikuwatakasa hawa.

Tuseme kweli hata inapotuuma. Ndugu zetu Wamwani wamelalamika miaka mingi kwamba vyeo na pensheni za wapigania uhuru vilipanda juu kwetu, uwandani Mueda, na pwani ikabaki ikitazama. Sisi tunajiona wanyonge wasio na nchi. Mbele ya jirani, pengine sisi ndio tulioonekana mfalme.

3. Dola linalojiita la Mungu

Watoto wetu wameiona bendera nyingine pia. Tarehe 5 Oktoba 2017 watu wenye silaha waliingia Mocímboa da Praia. Agosti 2020 waliuteka mji, wakaushikilia mpaka majeshi ya Msumbiji na Rwanda yalipouchukua Agosti 2021. Machi 2021 walifika Palma. Nao wanasema wanajenga dola, tena kwa jina la Mungu. Makanisa yetu wameyachoma. Lakini Waislamu pia wamewachinja, na vijiji vyao wamevitia moto. Yule mama wa foleni hakuwakimbia Wamakonde. Aliwakimbia watu walewale tuliowakimbia sisi.

4. Waliodai nafasi

Sasa tazameni ndugu zetu wa Kwale, Kenya, wajukuu wa wale wakata mkonge. Kwa vizazi vingi waliishi bila kitambulisho. Hawakuhesabiwa Kenya, wala Msumbiji haikuwa inawajua. Oktoba 2016 walianza safari ya miguu kwenda Nairobi. Rais Uhuru Kenyatta akaagiza wapewe uraia, na Februari 2017 wakaanza kupokea vitambulisho, wakahesabiwa kabila la 43 la Kenya. Hawakumwambia Mdigo ahame. Waliomba wahesabiwe pamoja naye. Na hawakuacha kuwa Wamakonde.

Hili ndilo Paulo anawafundisha Waefeso. Waliokuwa wageni, wasio na uraia, Kristo amewaingiza katika nyumba moja kwa kuubomoa ukuta wa uadui. Aliubomoa kwa mwili wake mwenyewe. Wafalme wa Samweli 8 hutwaa, huyu alijitoa. Na Ufunuo 7:9 inatuonyesha makabila na lugha zote mbele ya kiti cha enzi. Lugha yako haifutwi pale. Kinachokosekana pale ni mpaka.

Tufanye nini?

Kwanza, tuache kusema "Wamwani" tunapomaanisha wauaji. Kila muuaji ana kosa lake. Kabila zima halina.

Pili, baadhi ya wazee wamependekeza mahema yetu yatengwe na ya wengine. Nawaheshimu, baba zangu, lakini nawaomba mliondoe pendekezo hilo. Tusianze kuchora Ruvuma nyingine katikati ya mahema.

Tatu, vijana, daini haki. Daini vitambulisho vilivyoungua, daini mashamba na shule, ulizeni gesi ya Afungi itawafaidi vipi watoto wa hapa. Lakini daini kwa mdomo na kwa barua, na jina la jirani yenu Mmwani liandikwe kwenye barua hiyohiyo.

Jumamosi iliyopita nilipeleka ndoo ya maji kwenye hema la yule mama, nikamwomba radhi kwa kicheko changu. Hakunikaribisha. Aliyapokea maji, akasema, "Ahsante, mchungaji," akalishusha turubai. Sikustahili zaidi. Nitarudi Jumamosi ijayo, na nitafurahi kama yule kijana wangu atakuja nami.

Tuombe: Ee Bwana, uliyekimbizwa Misri ukiwa mtoto mchanga, turudishe makwetu kwa amani. Kama siku hiyo bado, utufundishe kukaa hapa kama watu wa nyumba yako. Utuponye na tamaa ya kuwa mfalme juu ya jirani. Ameni.

Neema ya Bwana wetu iwe nanyi.

Mchungaji wenu na mkimbizi mwenzenu.