Padre na Viumbe Wasiojua Dhambi

Ndani ya chombo kinachorejea duniani kutoka anga za mbali, padre wa Shirika la Yesu ametundika msalaba juu ya kompyuta. Ndiye mkuu wa wanafalaki wa safari hiyo, na wenzake hawaishi kumtania: Mjesuiti na darubini, wapi na wapi? Utani unakwisha anapopiga hesabu zake. Nyota waliyokwenda kuichunguza ililipuka na kuteketeza viumbe wastaarabu, ambao kabla ya kufa waliweka kumbukumbu zao kwenye sayari ya mwisho kabisa, ambako moto usingefika. Mwanga wa mlipuko huo ndio ulioonekana Bethlehemu alipozaliwa Kristo.

Hadithi hiyo fupi ya Arthur C. Clarke, "The Star", ilitoka mwaka 1955 na kupata Tuzo ya Hugo mwaka uliofuata. Wengi waliisoma kama pigo kwa imani. Inauma kweli. Hata hivyo, swali lake lilikwisha kuulizwa na Ayubu, aliyepoteza watoto wake wote kwa siku moja. Aliyeendelea kusali baada ya kumzika mtoto aliyekufa kwa malaria amekwisha kukutana nalo, na aliyeacha kusali hakuhitaji darubini. Clarke ameongeza ukubwa wa msiba. Hoja ni ileile.

Hugo hutolewa kwa kura za wanachama wa kongamano la dunia la bunilizi za kisayansi, mashabiki ambao mtu angedhani hawana habari na teolojia. Lakini walimpa pia Walter M. Miller, mwaka 1961, kwa riwaya yake *A Canticle for Leibowitz*, ambamo watawa wanahifadhi mabaki ya elimu baada ya vita vya nyuklia, ikiwamo orodha ya vitu vya kununua dukani wanayoitunza kama masalia matakatifu. Miller alikuwa mwanajeshi wa ndege zilizoshiriki kuipiga mabomu abasia ya Monte Cassino mwaka 1944. Baadaye akawa Mkatoliki.

Anayezirudia kazi hizo leo atakwama zaidi kwa James Blish. *A Case of Conscience*, iliyoshinda Hugo mwaka 1959, inamhusu Ramon Ruiz-Sanchez, padre Mjesuiti kutoka Peru na mwanabiolojia. Yumo katika tume ya watu wanne inayopaswa kuamua dunia ifanye nini na sayari ya Lithia. Walithia wanafanana na mijusi wanaosimama wima, warefu kuliko binadamu yeyote. Hawaibi, hawauani, hawadanganyani. Hawana dini wala hawajawahi kumsikia Mungu. Mmoja wao, Chtexa, anamkaribisha padre nyumbani kwake na kumweleza jinsi watoto wao wanavyokua: wanaanzia baharini, wanapanda nchi kavu, wanapita msituni, mageuzi yote ya viumbe yakijirudia mbele ya macho. Mgeni anasikiliza kwa heshima, na moyoni hofu inamjaa.

Anachohitimisha kinashtua. Wema mkamilifu usiomtegemea Mungu, anaona, hauwezi kuwa jambo la bahati. Ni mtego uliotegwa kuwaonyesha wanadamu kwamba Mungu hahitajiki. Kwa hiyo Lithia imeumbwa na Shetani. Hapo padre anajikaanga kwa mafuta yake mwenyewe, maana Kanisa linafundisha kwamba Shetani hawezi kuumba chochote. Kusema anaweza ni uzushi wa Wamani, ule ambao Augustino aliufuata ujanani kabla ya kuupiga vita.

Aliyelelewa madrasa huenda akaguna: alifundishwa kwamba kila mtoto huzaliwa katika fitra, yaani maumbile safi, sasa wema wa asiyefikiwa na ujumbe uwe mtego kwa nini? Mwafrika naye ataitambua hofu ya Ruiz-Sanchez bila kuambiwa. Ni ya wamisionari wengi waliokuta watu wenye adabu, ukarimu na sheria zao, wakaziita mila hizo kazi ya ibilisi. Mwaka 1969 John Mbiti, Mkenya, padre wa Kianglikana na mwalimu wa Makerere, alichapisha *African Religions and Philosophy* kuonyesha kwamba Mungu alijulikana Afrika kabla ya meli za wageni kutia nanga. Blish hakuwa akiandika kuhusu Afrika, lakini kesi ni hiyohiyo.

Papa wa riwayani anamwambia padre kwamba dawa ilikuwepo: angeipunga sayari pepo. Anafanya hivyo mwishoni, akiitazama kutoka Mwezini, wakati uleule ambapo jaribio la Cleaver, mwanafizikia wa tume ile, linaendelea kwenye sayari hiyo. Lithia inalipuka. Ni sala au ni kosa la maabara? Blish hasemi, na ndiyo sababu riwaya haijachakaa.

Guy Consolmagno, Mjesuiti aliyewahi kuongoza kituo cha falaki cha Vatikani, ni mpenzi mkubwa wa bunilizi hizi. Kabla ya kuingia utawani alifundisha Kenya miaka ya 1980, akizunguka vijijini na darubini ndogo, na watu wakipanga foleni kutazama mashimo ya Mwezi. Alipoulizwa kama angembatiza kiumbe wa sayari nyingine, alijibu kwamba angefanya hivyo iwapo tu kiumbe mwenyewe ameomba. Kwenye tume ya Lithia walipiga kura watu wanne, na hakuna Mlithia aliyepewa nafasi ya kuomba wala kukataa chochote.