Mtoto mwenye kipaji ana haki gani kwa mwalimu wake?

Mtoto wa jirani yangu hapa Kibosho alirudi kutoka shule akiwa amekoseshwa swali. Aliambiwa ajumlishe namba zote kuanzia 1 hadi 20. Akaandika 210, basi. Nilipomuuliza kajuaje, alisema 1 na 20 ni 21, 2 na 19 ni 21, na jozi za namna hiyo zipo kumi. Mwalimu alimkosesha kwa kuwa hakufuata njia ya ubaoni, tena akamuuliza kaibia kwa nani.

Hapa jirani, katika Chuo cha Wanyamapori Mweka, alipata kusoma Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto, alitia kwenye jokofu maziwa ya aiskrimu yangali moto, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yasiyochemshwa. Akauliza sababu, akaambiwa amechanganyikiwa. Akauliza tena alipofika Mkwawa, Iringa. Mwalimu akamjibu kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, na tangu hapo kila akikosea logi aliambiwa kuwa hiyo ni hesabu ya Mpemba. Darasa zima likadaka mzaha huo. Ni Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, aliyekwenda pale kama mgeni, ambaye hakucheka. Aliahidi kujaribu, na akajaribu. Mwaka 1969 wakachapisha makala kwa majina yao wawili, Mpemba akiwa Mweka.

Wapo watakaosema tunamtetea Mpemba kwa sababu alikuwa sahihi. La hasha! Wanasayansi wangali wanabishana. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima upya na kusema hawakuona ushahidi wa kutosha kwa maji. Tuseme alikosea. Je, mwalimu wake angekuwa amesalimika? Mimi naona hapana. Dhulma haikuwa katika kutojua jibu, kwani hata Osborne hakulijua. Ilikuwa katika kumfanya mtoto aone haya kwa kuuliza.

Najua madarasa yamejaa na mtihani unasubiri. Lakini “umejuaje?” ni neno moja, wala halihitaji bajeti ya wizara. Kinachofanyika mara nyingi ni kumwongezea aliyemaliza mapema maswali mengine ishirini ya aina ile ile, yaani anaadhibiwa kwa kuelewa. Huyo anahitaji swali lile lile lisogezwe kidogo, mahali ambapo hila yake haifiki.

Jioni ile, chini ya migomba, nilimuuliza yule mtoto: je, namba zingeishia 21? Alinyamaza kitambo, akachora chini kwa kijiti. “Moja na 21 ni 22,” alisema, halafu akakwama, kisha akacheka: 11 haina mwenzake! Mama yake alishamwita mara mbili aende kula ndipo akapiga kelele kutoka mlangoni kuwa ni 231.